Panzi, nyenje au senene: yupi wa kufuga Arusha na Moshi, na nasaba yao inasemaje

Anayetaka kufuga wadudu huku kaskazini, iwe kwa kuku, kwa samaki au kwa meza yake mwenyewe, kwa kawaida huanza kuuliza bei na chakula. Ni afadhali aanze na ukoo. Panzi, nyenje na senene wote wana miguu mikubwa ya nyuma ya kurukia, wote hukua bila kupitia hali ya buu wala pupa, na wote wamo katika oda moja, Orthoptera, yenye spishi zaidi ya 28,000 zilizokwisha kupewa majina. Ila undugu wao haulingani. Senene anafanana na panzi kwa rangi na umbo, lakini kwa damu ni ndugu wa nyenje. Asiyelijua hilo humwekea senene mchanga wa kutagia, humpa majani matupu, kisha hushangaa kwa nini hapati yai hata moja na wadudu wanatafunana.

Jibu letu tulitoe mapema. Kwa chakula cha kuku na samaki, fuga nyenje. Kwa kula nyumbani, senene ni bora kwa ladha, lakini nunua wa msimu badala ya kufuga, labda uwe na muda na uvumilivu wa miezi mingi. Panzi tunampendekeza kwa mwalimu wa bayolojia, si kwa mfugaji. Sababu ni hizi zifuatazo.

Koo mbili, si tatu

Oda hii iligawanyika zamani katika matawi mawili makubwa. La kwanza ni Caelifera, ambalo ndilo la panzi, na nzige wote wamo humo. La pili ni Ensifera, lenye nyenje, chenene na senene. Matawi hayo yalitengana zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla ya dinosaria kutokea. Ndani ya Ensifera, upande wa nyenje na upande wa senene nao waliachana zamani sana, ila baada ya kuwa wamekwisha kutengana na panzi. Kwa hiyo nyenje na senene ni watoto wa ndugu wawili, na panzi anatoka mlango mwingine kabisa wa ukoo.

Familia ya panzi tunaowaona kila siku kwenye nyasi, Acrididae, ni changa ukilinganisha na hao: ina umri wa miaka milioni 60 hivi. Upande wa senene tunao ushahidi wa sauti yenyewe. Mwaka 2012 watafiti walieleza kisukuku kutoka China, Archaboilus musicus, chenye umri wa miaka milioni 165. Mbawa zake zilihifadhiwa vizuri kiasi cha kuonekana meno ya kusugulia, na kutokana na meno hayo walikokotoa sauti yake: kilohezi 6.4, mlio mmoja safi usio na mikwaruzo.

Ukimshika mdudu mkononi, tazama mambo haya:

| Kiungo | Panzi | Nyenje | Senene |
|---|---|---|---|
| Papasi (vipapasio vya kichwani) | fupi, pingili chini ya 30 | ndefu kama uzi, kupita mwili | ndefu kama uzi, kupita mwili |
| Sikio | ubavuni, pingili ya kwanza ya tumbo | mguu wa mbele, chini ya goti | mguu wa mbele, chini ya goti |
| Kulia | mguu wa nyuma husuguliwa kwenye ubawa | ubawa kwa ubawa, wa kulia juu | ubawa kwa ubawa, wa kushoto juu |
| Pingili za wayo | 3 | 3 | 4 |
| Kiungo cha kutagia | vipande vifupi vya kuchimbia | sindano | upanga bapa |

Papasi peke yake inatosha kwa asilimia kubwa ya wadudu utakaowakuta. Sikio ndilo linalothibitisha. Kwa panzi mkubwa, inua ubawa wa mbele taratibu na utaona kiwambo kidogo chenye umbo la yai pale tumbo linapoungana na kidari. Kwa nyenje mweusi, pindua mguu wa mbele kwenye mwanga: chini kidogo ya goti, upande wa nje, kuna doa jeupe linalong'aa. Hilo ndilo sikio. Masikio ya panzi na ya wenzake hayakurithiwa kutoka kwa babu mmoja aliyesikia. Kila tawi lilipata ya kwake kivyake, na ndiyo maana yako mahali tofauti kabisa mwilini.

Wanaodanganya macho

Wapo wadudu ambao umbo lao linakupeleka ukoo usio wao. Nyenje wa mitini, jenasi Oecanthus, ni mwembamba, kijani hafifu, karibu uone upande wa pili wa mbawa zake. Wengi humweka kundi la senene. Hesabu pingili za wayo, nne au tatu, kisha tazama mbawa: za nyenje hulala bapa mgongoni, za senene husimama ubavuni kama paa la nyumba.

Mwingine ni kidudu cha milimita chache kinachochimba kwenye mchanga wenye unyevu kandokando ya mito na mifereji. Kina miguu ya mbele ya kuchimbia kama chenene, na mtu yeyote angeapa ni mtoto wa chenene. Huyo ni wa familia Tridactylidae, na ni wa ukoo wa panzi. Papasi zake fupi ndizo zinazomfichua. Chenene halisi yuko upande wa nyenje. Kazi moja, kuchimba, imewapa miguu inayofanana watu wa koo mbili.

Mambo matatu ambayo ukoo unakuamulia

La kwanza ni mahali pa kutaga. Panzi jike huchimba kwa tumbo lake, hulirefusha, na kuacha kifuko cha mayai kilichofunikwa na povu linaloganda. Anahitaji mchanga wenye kina cha sentimita 8 hadi 10. Nyenje ana sindano ya sentimita moja na nusu hivi, hivyo sentimita 3 au 4 za udongo laini zinamtosha, na huchoma yai mojamoja. Senene ana upanga, na yeye huingiza mayai kati ya ala ya jani na shina la nyasi. Chombo cha mchanga mbele yake ni kazi bure.

La pili ni mwanga. Panzi ni mdudu wa mchana. Huota jua mpaka mwili upate joto, ndipo ale na kumeng'enya. Ukimfungia kwenye chumba chenye joto lakini giza, atadumaa. Nyenje na senene ni wa usiku. Wao wanataka joto na mahali pa kujificha, na taa kali inayowaka saa zote inawasumbua.

La tatu ni chakula. Panzi wengi hula majani na si zaidi. Ukoo wa nyenje na senene hula vyote, pamoja na nyama, pamoja na mwenzao aliyetoka kujivua ngozi na bado ni laini. Protini ikipungua kwenye chombo, wataitafuta kwa jirani.

Nyenje: huyu ndiye wa kufuga

Chagua nyenje mweusi wa shambani, Gryllus bimaculatus. Ni wa Afrika, yuko porini huku kwetu, na unamtambua kwa madoa mawili ya njano iliyofifia pale mbawa zinapoanzia. Nyenje wa nyumbani, Acheta domesticus, ndiye anayesifiwa sana kwenye miongozo ya nje, lakini ana ugonjwa wa virusi, densovirusi, uliofagia mashamba Ulaya kuanzia mwaka 2002 na Amerika ya Kaskazini mwaka 2009 na 2010. Mweusi haugui ugonjwa huo. Kuagiza wa nyumbani kutoka mbali ni kujitafutia hasara.

Wakamate usiku, kwenye taa za nje, au mchana chini ya mawe na malundo ya majani yaliyooza. Wale wa porini usiwachanganye na kundi lako. Waweke peke yao, chukua mayai yao, kisha waondoe. Wengi hubeba minyoo mirefu kama unywele wa mkia wa farasi, na wengine wana mabuu ya nzi ndani. Kuanza na mayai kunakata mzunguko huo.

Chombo: kontena la plastiki la lita 80 lenye kuta laini. Hapa nyenje ana fadhila ambayo wenzake hawana, maana nyayo zake hazina vigandishi, hivyo hawezi kupanda ukuta laini uliosimama. Panzi na senene hupanda hata kioo. Kata dirisha kubwa kwenye mfuniko na uliwekee wavu wa chuma. Wa nailoni wanautafuna. Ndani simamisha trei za mayai za karatasi, kumi zilizokatwa nusu, zikiwa wima ili kinyesi kidondoke chini. Kontena kama hilo linabeba majike mia moja na madume thelathini bila kubanana.

Chakula: mash ya vifaranga, ile ya protini asilimia 18 hadi 22, imwagwe kwenye sahani pana kwa tabaka jembamba. Ongeza boga, karoti au majani ya mchicha yaliyooshwa, kidogo, na yaondolewe kabla ya siku ya pili. Mboga za sokoni zilizopuliziwa dawa juzi zinaweza kuua chombo kizima kwa usiku mmoja, kwa hiyo tumia za bustani unayoijua. Maji yawe kwenye pamba au sponji iliyolowa. Sahani ya maji wazi ni kaburi la tunutu, yaani watoto wasio na mbawa. Wakitoka kwenye yai wana milimita 3 hivi na huzama kwenye tone.

Kutaga: chukua kopo pana, jaza sentimita 4 za mchanga laini uliooshwa na mboji, nusu kwa nusu. Kipimo cha unyevu ni ngumi: ukifinya, udongo ushikamane na maji yasichuruzike. Laza wavu juu yake, wenye matundu ya kupitisha sindano tu, maana majike hufukua na kula mayai. Acha saa 24 hadi 48, kisha lihamishe kopo kwenye chombo kingine chenye joto na ulifunike. Mayai ni meupe, marefu, kama punje nyembamba za mchele. Kwenye nyuzi 28 hadi 30 huanguliwa baada ya siku 10 hadi 14. Tunutu hujivua ngozi mara nane hivi na kufikia utu uzima kwa wiki 6 hadi 8.

Yanayoharibika ni yaleyale kila mahali. Mayai hukauka kwa sababu mtu alisahau kunyunyiza. Ukuta wa ndani wa kopo usipokuwa na ukungu mwembamba wa maji, nyunyiza. Au huota kuvu kwa sababu maji yalizidi. Sisimizi ndio adui mkubwa zaidi: miguu ya meza isimame kwenye makopo yenye maji na tone la mafuta ya kula, na meza isiguse ukuta. Harufu kali ya amonia ukifungua mfuniko ina maana kinyesi kimelowa, kwa hiyo safisha siku hiyohiyo. Ukikuta miguu imetapakaa na mbawa zimeliwa, ama protini ni ndogo ama wamebanana. Ongeza trei kwanza, kisha chakula.

Kuvuna, toa chakula siku moja kabla ili matumbo yasafike, halafu waweke kwenye friza. Wachemshe dakika tano, kausha, saga. Nyenje mkavu ana protini ya asilimia 60 hadi 70. Anayedhurika na kamba wa baharini ajihadhari na wadudu wote hawa: wadudu walitokana na ukoo uleule wa kamba na kaa, na protini inayoleta muwasho ni ya pamoja.

Senene: mtamu, mgumu kumfuga

Senene wanaoletwa huku wakiwa wamekaangwa ni Ruspolia differens, na Bukoba ndiyo yenye sifa zao. Huruka makundi kwa makundi wakati wa mvua, msimu mkubwa ukiwa Novemba na Desemba na mwingine kuelekea Aprili na Mei. Kuna wa kijani, wa kahawia na wenye zambarau. Ni spishi moja. Karibu nusu ya uzito wao mkavu ni mafuta, na hapo ndipo ladha ilipo. Ndipo pia tatizo lao kama chakula cha kuku lilipo: mafuta hayo huchacha upesi, na mash yenye mafuta yaliyochacha kuku huikataa.

Ufugaji wake unawezekana. Anataka wavu pande zote na mfuniko wenye kufuli, maana anapanda chochote. Anataka vikonyo vibichi vya nyasi vyenye ala zilizobana ili atage, na mabingobingo machanga yanafaa; vikonyo hivyo vikae kwenye chupa ya maji na vibadilishwe kabla ya kukauka. Anataka masuke ya ulezi au mtama yakiwa bado na maziwa, kwa sababu yeye ni mla mbegu na maua ya nyasi kuliko mla majani. Kizazi kimoja huchukua zaidi ya miezi mitatu, muda mrefu kuliko wa nyenje, na kwa muda huo wote wanaweza kulana. Senene akibanwa na mkono huuma kwelikweli; shika kwa kibano au kwa kumfunika na kopo.

Mbali na kufuga, ukoo wa senene ndio utajiri mkubwa wa milima yetu. Yngve Sjöstedt, Mswidi aliyeongoza msafara wa Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, aliandika spishi nyingi za kwanza. Mtafiti Claudia Hemp ameendeleza kazi hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 2001 alieleza Aerotegmina kilimandjarica, senene wa msituni. Wengi wa misituni hawaruki kabisa. Mdudu asiyeruka akitenganishwa na wenzake wa msitu mwingine kwa muda mrefu sana huwa spishi yake, hivyo jamaa zao wa karibu wako Pare na Usambara. Milima hiyo ni mikongwe, Kilimanjaro ni kijana wa chini ya miaka milioni 3, kwa hiyo wahenga wa senene hawa walipanda Kilimanjaro kutoka huko wakati mvua ilipokuwa nyingi na misitu ikagusana. Wasikamatwe kwa kufugwa. Ndani ya hifadhi ni kosa bila kibali, na anayefanya utafiti aanze na TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, ambayo makao yake yako hapa Arusha.

Panzi: faida ndogo, tahadhari nyingi

Panzi anahitaji majani mabichi kila siku, taa yenye joto au jua la moja kwa moja, na mchanga wa kina. Wengi wa kienyeji wana kizazi kimoja au viwili kwa mwaka kufuata mvua. Hesabu hiyo haimlipi mfugaji.

Kuna tahadhari tatu. Usiwape kuku panzi wenye rangi za kutisha. Zonocerus elegans, mwenye njano, nyeusi na nyekundu, anayepatikana kwenye mihogo, na Phymateus, yule mkubwa mwenye mbawa za nyuma nyekundu, ni wa familia Pyrgomorphidae na hubeba sumu ya mimea waliyokula. Usiwape kuku panzi wa porini wabichi, kwa sababu panzi hubeba mabuu ya minyoo ya firigisi, wachemshe kwanza. Na usifuge nzige kwa hali yoyote. Nzige ni panzi waliobadilika tabia kwa kubanana, na makundi ya nzige wa jangwani yalifika kaskazini mwa Tanzania mwaka 2020 na 2021. Ukiona tunutu weusi na njano wakitembea kwa kundi, toa taarifa kwa afisa kilimo au TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, Ngaramtoni.

Moshi au Arusha

Moshi mjini iko mita 800 hadi 900 juu ya bahari, Arusha mita 1,400. Kwa nyenje tofauti hiyo ni kubwa. Moshi unaweza kufuga karibu mwaka mzima kwa chumba kilichozibwa upepo. Arusha, kuanzia Juni hadi Agosti, usiku hushuka chini ya nyuzi 15. Mayai huchelewa kwa wiki kadhaa na mengi huoza. Weka chumba kidogo cha kuangulia peke yake: boksi la mbao lililowekwa ndani karatasi ya maboksi, balbu ya joto ya wati 60 iliyofunikwa na kopo la bati, na kipimajoto kwenye usawa wa mayai, si juu ya boksi. Jiko la mkaa ndani ya chumba cha wadudu usiliweke. Moshi wa mkaa huwaua, na mtu anayelala chumba cha pili anaweza kufa. Ukiwa Usa River au Tengeru, uko katikati, na mara nyingi kuongeza blanketi juu ya boksi la mayai usiku kunatosha.

Mwalimu wa sekondari, iwe Moshi au Arusha, achukue njia nyingine: panzi wawili, nyenje wawili na senene wawili kutoka uwanja wa shule, wakati wa mvua za masika. Saa mbili kwenye friza, halafu lenzi ya mkono yenye ukuzaji wa mara 10. Wanafunzi waanze na masikio kabla hawajaambiwa jina la mdudu yeyote, wawapange wenyewe, kisha wahesabu pingili za wayo. Watakaowaweka senene na panzi pamoja kwa sababu ya rangi waachwe wafike kwenye mguu wa mbele.